Matapeli wanazijua oda za wateja wangu kabla hawajalipa

Ndugu Mshauri,

Nauza mashuka, mapazia na vitenge, kwanza katika fremu niliyopanga Kariakoo na tangu mwaka 2022 kupitia tovuti yangu mwenyewe, ambayo nilitengenezewa na kijana aliyekuwa bado chuoni wakati huo. Tovuti ni ya WordPress yenye WooCommerce, programu ya kuendeshea duka mtandaoni, ila ukurasa wa ankara kijana aliuandika mwenyewe ili mteja aone kiasi anachodaiwa na Lipa Namba yetu. Mteja akiweka oda hupata ujumbe wenye kiungo cha ankara hiyo, na kiungo huishia na namba ya oda, kwa mfano 1487.

Mwezi uliopita wateja saba walipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka dukani kwangu. Aliwatajia majina yao, rangi na ukubwa wa mashuka waliyoagiza, na kiasi cha pesa bila kukosea hata shilingi, kisha akawaambia kwamba Lipa Namba yetu ina hitilafu na watume pesa kwa namba nyingine. Watatu walituma, jumla shilingi 412,000. Mteja mmoja aliniambia kwamba alipojaza fomu alikosea kuandika jina la mtaa wake, na mpigaji alilitaja kosa lile lile. Wote saba walikuwa wameweka oda kwenye tovuti na hawajalipa. Wanaoagiza kwa WhatsApp moja kwa moja hawajaguswa hata mmoja.

Shemeji yangu, ambaye hunisaidia hesabu, anasema ni madereva wa bodaboda, kwa sababu tuna kundi la WhatsApp ambamo tunawatumia majina na anwani za wateja waliokwisha kulipa. Wakati mwingine anasema ni binti aliyekuwa akihudumia oda, aliyeacha kazi mwezi wa pili bila maelewano mazuri. Nimeuzuia mshahara wake wa mwezi wa mwisho hadi nijue ukweli. Sisi wanne dukani tulikuwa tukitumia neno la siri moja kuingilia tovuti. Nililibadilisha binti alipoondoka, lakini la barua pepe ya duka ni lile lile tangu tulipoanza.

Shemeji ananishauri nisiwaambie wateja, kwamba nitaua biashara kwa mkono wangu, na anasisitiza kwamba tovuti ina alama ya kufuli hivyo ni salama. Kuna mtu ananiuzia cheti cha usalama kwa shilingi 350,000, akisema kitamaliza tatizo. Nifanye nini kwanza? Nina maswali mengine mawili. Wateja wetu walioko Ulaya wanataka kulipa kwa kadi, na fundi mpya anasema tutazihifadhi namba za kadi ili wasizijaze kila mara. Pia nina picha za vitambulisho vya NIDA vya wateja wanaolipa kidogo kidogo, ziko kwenye simu ya duka. Je, hizo nazo zina hatari?

Mama wa Mashuka, Dar es Salaam

—

Dada Mama wa Mashuka,

Pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa wale watatu. Barua yako ina jambo ambalo barua nyingi za aina hii hazina: umeeleza kwa usahihi nani alipigiwa, nani hakupigiwa, na mpigaji alijua nini. Tukianzia hapo hatutalazimika kubahatisha.

Tapeli alijua oda ambazo hazijalipwa. Kundi la WhatsApp la bodaboda hupata oda zilizokwisha kulipwa tu, kwa hiyo madereva hawakuwa na habari hizo wakati simu zinapigwa, na shemeji awaombe radhi kama ameshawashutumu. Tapeli alilitaja kosa la tahajia kama lilivyo kwenye fomu. Maana yake aliisoma fomu yenyewe au nakala yake, hakusimuliwa. Walioagiza kwa WhatsApp hawakuguswa, kwa hiyo simu ya duka haielekei kuwa chanzo. Oda ambayo haijalipwa, pamoja na kosa lake la tahajia, inaonekana mahali patatu tu: kwenye ukurasa wa msimamizi wa tovuti, kwenye sanduku la barua pepe linalopokea taarifa ya kila oda, na kwenye ule ukurasa wa ankara alioandika kijana. Kati ya hayo matatu, mimi naanza na ankara.

Kiungo kinachoishia na 1487 kinamtamanisha mtu yeyote kujaribu 1488. Ikiwa ukurasa hauulizi anayefungua ni nani, basi kila mtu aliyewahi kununua shuka moja kwako anaweza kuzisoma oda zako zote kwa kuongeza moja kila mara, bila neno la siri na bila utaalamu wowote. OWASP, taasisi isiyo ya kibiashara inayofuatilia usalama wa programu za wavuti, iliziweka kasoro za jamii hii, yaani mfumo kushindwa kuhakiki nani anaruhusiwa kuona nini, katika nafasi ya kwanza ya orodha yake ya hatari kumi ya mwaka 2021. Ni kosa la kawaida mno kwa vijana wanaojifunza kazi, kwa sababu ukurasa hufanya kazi vizuri kabisa kila fundi anapoujaribu kwa oda yake mwenyewe.

Jaribu leo, lakini usichungulie oda za wateja. Weka oda mbili za majaribio, moja kwa jina lako na nyingine kwa jina la ndugu yako. Chukua simu ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti kama msimamizi, fungua kiungo cha oda ya kwanza, kisha badilisha namba ya mwisho iwe ya oda ya pili. Ikifunguka, mlango umeupata, na ukurasa huo uzimwe saa hiyo hiyo, si wiki ijayo fundi atakapopata nafasi. Kwa siku chache ankara zitumwe kwa mkono. WooCommerce ina ukurasa wake wa kuthibitisha oda, ambao kiungo chake hubeba, pamoja na namba ya oda, ufunguo mrefu usiokisika. Fundi mpya aurudie huo na kuuongezea Lipa Namba yenu, badala ya kuandika mwingine kutoka mwanzo.

Kabla hujafuta wala kubadilisha kitu kingine, iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yako uombe kumbukumbu za seva, yaani orodha ya nani alifungua ukurasa gani na lini, za tangu mwezi wa pili. Andika leo, kwa sababu kumbukumbu hizo hufutwa na mpya kila baada ya muda, na ikiwa zimeshafutwa hakuna wa kuzirudisha. Fundi atatazama jambo moja: je, kuna anwani moja ya intaneti iliyofungua ankara 1480, 1481, 1482 na kuendelea kwa mfululizo? Mteja wa kawaida hufungua ankara yake mara mbili au tatu akaishia hapo. Anayepanda ngazi ya namba huacha nyayo ambazo hata asiye fundi anaziona. Hifadhi kumbukumbu hizo pamoja na namba zilizotumika kupiga simu, namba zilizopokea pesa, na ujumbe wa miamala ya wale watatu.

Ikiwa jaribio lako litashindwa, yaani ankara ya pili ikakataa kufunguka, basi tunarudi kwenye barua pepe, na hapo pana jambo lililonishtua katika barua yako kuliko yote. Ulibadilisha neno la siri la tovuti ukaliacha la barua pepe. Mwenye barua pepe ya duka hahitaji neno la siri la tovuti. Hubonyeza sehemu ya kusahau neno la siri, akapokea kiungo cha kuweka jipya, akaingia. Kwa hiyo mpangilio uwe huu: barua pepe kwanza, kisha akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti na ile ya jina la tovuti, na ukurasa wa msimamizi mwisho. Kila moja ipate neno lake la siri, refu, lisilotumika kwingine, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu ya simu inayotoa tarakimu badala ya ujumbe mfupi, maana laini ya simu nayo huweza kuhamishwa na matapeli. Ukiwa ndani ya barua pepe, fungua mipangilio uangalie kama kuna amri ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani usiyoijua. Huo ni mtego wa siku nyingi: mwizi huingia mara moja tu, akaweka amri hiyo, na baada ya hapo hata ukibadilisha neno la siri mara kumi nakala zinaendelea kumfikia.

Nenda pia kwenye orodha ya watumiaji wa tovuti. Nina hakika utaikuta akaunti ya yule kijana wa chuo ikiwa bado na mamlaka kamili ya msimamizi, na pengine nyingine ambayo hakuna anayeikumbuka. Ziondoe. Halafu kila mtu dukani apewe akaunti yake yenye mamlaka ya kazi yake tu. Anayehudumia oda inamtosha akaunti ya ngazi ya "meneja wa duka", hana haja ya kuweza kuongeza plagini, yaani vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye tovuti. Kuhusu plagini, muulize fundi kama zipo zilizochukuliwa bure wakati zinauzwa. Plagini za kulipia zinazogawiwa bure mitaani mara nyingi zimeshatiwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kumfungulia mtu mwingine mlango wa nyuma, nazo hazipati masahihisho pale kasoro zinapogunduliwa.

Kuhusu kufuli, shemeji hakosei kwamba lipo, ila analibebesha kazi isiyo yake. Alama ile huonyesha kwamba njia kati ya simu ya mteja na seva yako imefungwa kwa usimbaji, ili anayesikiliza katikati asisome kinachopita. Haisemi chochote kuhusu nani anaingia ndani ya chumba chenyewe. Ankara ya mtu mwingine, ikifunguliwa na tapeli, humfikia tapeli ikiwa imesimbwa salama kabisa. Vyeti vya kufuli hutolewa bure tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa kwa umma mwaka 2015, na tovuti yako inacho tayari, kwa hiyo zile 350,000 zibaki mfukoni. Mlipe fundi mwadilifu aikague tovuti kwa siku moja. Pesa hiyo itakuwa na maana zaidi.

Sasa wateja. Hapa sikubaliani na shemeji hata kidogo. Nyamaza leo, na kesho mteja wa nane atapigiwa simu, na wa tisa, na hao hawatasema walitapeliwa na mtu asiyejulikana. Watasema walitapeliwa na duka lako, na watakuwa na sababu, kwa kuwa ulijua. Tahadhari pekee inayofanya kazi sasa hivi iko mikononi mwa mteja, nayo haiwezi kufanya kazi kama hajaambiwa. Tuma ujumbe mfupi kwa kila aliyeweka oda tangu mwezi wa pili, bila kiungo chochote ndani yake, kwa sababu matapeli huiga ujumbe wa namna hiyo na kuweka kiungo chao. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Ndugu mteja, tumebaini kwamba mtu asiyehusika ameona majina, namba za simu na oda za baadhi ya wateja wetu. Lipa Namba yetu haijabadilika na hatutaibadilisha kwa kukupigia simu. Ukielekezwa kulipa kwingine, usilipe. Tupigie kwa namba iliyo kwenye risiti yako ya zamani. Tunaomba radhi."

Usiandike kwamba usalama wa mteja ni kipaumbele chenu. Kila kampuni iliyovujisha taarifa huandika hivyo, na wasomaji wameshachoka.

Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, awe benki au muuza mashuka. Inamtaka ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inamtaka aiarifu Tume bila kuchelewa pale taarifa alizokabidhiwa zinapoingiliwa. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2019, wamewekewa kikomo cha saa 72 tangu mhusika anapofahamu. Hicho si kikomo chako, lakini ni kipimo kizuri cha maana ya kutochelewa, na wewe umeshakaa na jambo hili kwa wiki kadhaa. Kama hujajisajili, usiogope kujitokeza kwa sababu hiyo. Anayekuja mwenyewe na kumbukumbu zake mkononi yuko mahali pazuri kuliko anayefikishwa na mteja mwenye hasira. Namba za matapeli ziripoti kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, na wale watatu waende polisi na ujumbe wa miamala yao. Wewe uandamane nao ukiwa na kumbukumbu za seva.

Kurudisha zile 412,000 ni uamuzi wako, na sitajifanya mwanasheria. Mimi ningezirudisha, hata kwa awamu, ikiwa jaribio la ankara litaonyesha kwamba mlango ulikuwa wazi upande wako.

Swali la kadi nitalijibu kwa ufupi kwa sababu jibu ni hapana. Usihifadhi namba za kadi, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa hata na kampuni kubwa; kanuni za PCI DSS, zinazowafunga wote wanaopokea kadi, zinakataza waziwazi. Tumia kampuni ya malipo yenye leseni, ambayo humpeleka mteja kwenye ukurasa wake, akajaza kadi huko, nawe ukapokea taarifa tu kwamba malipo yamefanyika. Kampuni hizo zinaweza kumkumbuka mteja bila namba ya kadi kupita kwako. Ukurasa wa malipo ukiwa ndani ya tovuti yako, namba zinaweza kuibwa hata kama huzihifadhi popote. British Airways waliipata mwaka 2018: msimbo mfupi uliopachikwa kwenye tovuti yao ulinakili kadi wakati wateja wanazijaza, wateja zaidi ya 400,000 wakaathirika, na mwaka 2020 mamlaka ya taarifa ya Uingereza ikawatoza faini ya pauni milioni 20. Wale wana idara nzima ya mafundi. Wewe una fundi mmoja anayekuja Jumamosi.

Picha za NIDA ndizo zinazonikosesha raha. Oda ya mashuka ikivuja, mteja hupigiwa simu ya utapeli. Picha ya kitambulisho ikivuja, tapeli ana uso, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ambayo mteja hawezi kuibadilisha kama anavyobadilisha neno la siri. Jiulize umewahi kuzitumia kwa lipi. Nadhani hukuwahi kumfuata mdaiwa kwa picha yake. Ulimfuata kwa simu, na kwa aliyemdhamini. Waliomaliza kulipa, futa picha zao leo, pamoja na nakala ambazo simu huzipeleka yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana ukifuta kwenye simu tu huenda zikabaki huko. Wanaodaiwa bado, andika namba kwenye daftari linalofungiwa kabatini, halafu picha ifutwe. Kumbukumbu za mauzo unapaswa kuzitunza kwa ajili ya TRA, lakini TRA hawajawahi kukuomba uso wa mteja wako. Fanya vivyo hivyo na anwani na namba za simu za oda za zamani kwenye tovuti: WooCommerce ina mpangilio wa kufuta taarifa binafsi katika oda zilizokamilika baada ya muda utakaouchagua, huku hesabu ya mauzo ikibaki.

Hilo ndilo ningependa ulichukue hata kama mengine yatakushinda mwezi huu. Mafundi watakuuzia kuta na makufuli, nawe utanunua baadhi, lakini duka dogo halitashinda kwa kuta. Linaweza kushinda kwa kuwa na vitu vichache vya kuibwa.

Nimalizie na yule binti. Anaweza kuwa yeye, kwa kuwa neno la siri la barua pepe analijua. Anaweza kuwa kijana wa chuo, au mteja yeyote aliyeongeza moja kwenye kiungo. Mlipotumia neno la siri moja watu wanne, mlijinyima wenyewe uwezo wa kujua nani alifanya nini, na lililo baya ni kwamba mtu asiye na hatia naye hana namna ya kujitetea, kwa sababu kila alichofanya mwenzake kimeandikwa kwa jina lile lile. Kumbukumbu za seva zikionyesha jambo, polisi watalishughulikia. Mshahara wa mwezi aliokwisha kuufanyia kazi haumo katika upelelezi huo, dada. Mlipe.